Mwalimu wa Kusifu

Shemeji yangu Osmund Luambano zamani alikuwa mtu wa maneno machache, na wakati huo nilimwamini kidogo. Alikuwa karani wa chama cha ushirika. Asubuhi anaondoka na kalamu mfukoni, jioni anarudi, anakula, ananawa mikono, anasema "Haya." Hiyo "Haya" ndiyo sifa pekee ambayo chakula cha dada yangu Lidwina kiliwahi kupata tangu wafunge ndoa. Dada hakulalamika. Huku kwetu Songea mwanaume aliyeshiba hana la kuongeza, na akiongeza, mkewe huacha kula na kuanza kufikiri.

Mimi ni Suzana, mdogo wake Lidwina. Tunaishi jirani pale Mshangano, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyaona au niliyasikia mwenyewe. Watu husema mimi ni mtu wa kushuku. Sikatai. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye kutaka kitu alifika hadi mlangoni: wanunuzi wa mahindi na mizani zao, wauza mbegu, wauza mbolea, wote wamevaa vizuri na wote wakianza kwa kusifu. Mama una nyumba safi. Mama una watoto wazuri. Wakishaondoka unafungua mfuko wa mbolea, unakuta nusu ni mchanga. Nikajiwekea sheria: anayekuja na sifa mdomoni, mtazame mikono.

Ushirika nao ukayumba, wakapunguza watu, na Osmund akawa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa. Alikaa nyumbani msimu mzima akiitazama milima ya Matogoro kana kwamba ilimkosea. Halafu mjini ukaja mradi wa wageni kutoka Ulaya, wakatangaza kazi ya ukarani, naye akaenda kwenye usaili. Mama wa kizungu alimpokea vizuri, akamtembeza ofisini, akamwonyesha meza mpya, madirisha mapya, ramani ukutani, kisha akamuuliza anaionaje ofisi. Osmund alitazama kila upande bila haraka, akajibu kwa Kiingereza chake safi kwamba si mbaya.

Sasa, kwetu "si mbaya" ni sifa kubwa. Nyumba ikiwa nzuri sana, si mbaya. Bibi harusi akiwa mzuri mpaka watu wanajikwaa kanisani, si mbaya. Lakini yule mama alikunja uso, na kazi akapewa kijana aliyetoka Dar es Salaam, ambaye inasemekana aliisifu hata taipureta.

Mtu mwingine angekwenda kunywa ulanzi akalia. Osmund alirudi nyumbani, akakaa barazani, akamwambia dada: "Mama Careen, tunanyimwa kazi kwa sababu ya kununa. Kiingereza tunakijua. Kufurahi kwa Kiingereza ndiko tusikokujua." Wiki iliyofuata aliazima mabenchi ya kigango, kanisa letu dogo, akapaka rangi nyeusi mlango wa zamani ukawa ubao, na juu yake akaandika kwa chaki: Kiingereza cha Kusifu na Kuridhia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini watu walikuja. Walikuja waliokuwa wakitafuta kazi kwenye miradi, akaja mpishi wa nyumba ya wageni, akaja Mwanne, mjane kijana kutoka Tunduru aliyekuwa akiuza korosho na khanga sokoni, na siku hizo alikuwa ameanza kupata wateja wa kizungu. Akaja pia Bwana Pankrasi, aliyekaa Dar miaka mingi akarudi na pikapu nyekundu na viatu visivyopenda vumbi. Huyu Pankrasi Kiingereza alikuwa nacho tayari, tena cha kumwaga. Nikajiuliza anatafuta nini kwenye benchi la kigango.

Kila alasiri tukawa tunasikia kelele za furaha. "What a beautiful house!" nyumba nzuri iliyoje. "How kind of you!" wema ulioje. Osmund aligonga meza na kufafanua: ukitaja kitu, anza na "what", sifa ikiwa peke yake, anza na "how". Msiseme "I very like," kama tunavyosema sote huku, penda kwanza, wingi uje mwisho, "I like it very much." Na sauti ipande kwenye sifa, halafu ishuke taratibu, kwa sababu sifa isiyopanda, alisema, mzungu anaisikia kama malalamiko. Watu wazima wenye wajukuu wakapandisha sauti kwa pamoja. Kuku wangu walikimbilia migombani.

"Na kama kitu chenyewe sijakipenda, mwalimu?" mpishi aliuliza siku moja.

"Unasifu kwanza," Osmund akajibu. "Kupenda ni jambo lako la ndani. Kiingereza cha ofisini hakiulizi ya ndani."

Nilikuwa nyuma ya minyaa na sufuria mkononi. Nikasema moyoni, huyu sasa anafundisha uongo kwa chaki.

Si mimi peke yangu niliyechukia. Mwanafunzi mmoja alimfanyia mazoezi mtoto mchanga wa jirani, akamwinamia na kupandisha sauti: "What a beautiful baby!" Mama yake akamfunika khanga papo hapo na kuingia naye ndani. Kwetu mtoto mzuri huitwa mbaya, "lete kibaya chako nikibebe," ili mwenye jicho baya asimtamani. Mwanne alijaribu kusaidia. Alisema kwao Tunduru watu husifu, lakini husema mashallah, hivyo sifa inakuwa na mfuniko wake. Akamuuliza mwalimu mfuniko wa Kiingereza ni upi. Osmund alifikiri sana, akasema hakumbuki kama upo.

Halafu sifa zikaingia jikoni.

Jioni moja dada alipita kwenye tundu la ua, mwiko bado mkononi, akakaa juu ya kinu changu kilichopinduliwa.

"Suzana, Baba Careen amesifu maharage."

"Amesemaje?"

"Amesema matamu. Akasema na mikono yangu ina baraka."

"Kwani ulitia nini?"

"Chumvi."

Tukatazamana. Maharage yale yale, chumvi ile ile, na mume yule yule aliyekaa kimya miaka yote mpaka binti yao Careen akakua na kuolewa Mbesa. Kesho yake akasifu dagaa wa Nyasa. Keshokutwa akasifu jinsi dada alivyofunga kitambaa kichwani. Jumapili, wakitoka misani, akambebea mwavuli mbele za watu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini dada yangu hakutia maji popote. Alianza kupekua mifuko ya koti la mumewe.

"Kuna mwanamke," nilimwambia.

"Hata mimi nafikiri kuna mwanamke."

"Ni yule Mwanne. Umeyaona meno yake?"

"Nimeyaona," dada akasema kinyonge. "Mazuri." Akaanza kukwangua mwiko kwa ukucha, na niliona jinsi jambo lile lilivyokuwa likimuuma.

Basi Jumamosi, Osmund alipovaa shati la kanisani na kusema anakwenda kumjulia hali mgonjwa, nilijitwika kikapu kitupu nikamfuata kwa mbali. Sokoni kwa Mwanne hakwenda. Hospitali hakwenda. Alikata njia ya mashambani mpaka kwenye shamba la dada.

Shamba lile baba yetu alimpa Lidwina mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Mimi nilipewa mbuzi, nao wakafa; sina kinyongo. Ni shamba la mahindi, upande wa juu linagusa barabara kuu na upande wa chini linashuka hadi kijitoni. Osmund alipopunguzwa kazi, ndilo lililowalisha. Dada hakuwa na kitu kingine chochote duniani ambacho angeweza kusema ni chake.

Nilijibanza nyuma ya majani marefu ya mabingobingo nikamtafuta Mwanne. Nikamwona Bwana Pankrasi. Alikuwa ameshika ncha moja ya kamba, shemeji yangu ameshika ya pili, na kando ya barabara walikuwa wameshapigilia vigingi. "What a lovely place!" Pankrasi alisema, mahali pazuri palioje, na Osmund akacheka kwa raha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Bora angekuwa Mwanne. Mwanamke wa nje huja akaondoka. Shamba likishauzwa, anayeondoka ni wewe na jembe lako.

Nilirudi mbiombio nikamweleza dada yote. Nilitegemea apige kelele, avunje ubao, aite ukoo. Alikuwa akichambua likolo, mboga ya jioni, akaendelea kutenga majani na vikonyo.

"Kwa hiyo mwanamke hayupo?" aliuliza.

"Dada, shamba!"

"La shamba nimesikia. Nakuuliza mwanamke."

"Hayupo."

Akatenga jani moja zaidi. Kisha akasema, "Basi sifa zote zile zilikuwa za shamba." Machozi yakamlengalenga. Siku ile nilimchukia Osmund kwa moyo wangu wote.

Nikamwambia twende kwa balozi wa nyumba kumi sasa hivi. Alikataa. Nikamwambia basi nitakwenda mimi. Akaniambia nikithubutu, tusijuane. Na Jumatatu, saa ya darasa ilipofika, dada yangu alijifunga khanga safi, akapita mbele ya mabenchi yote, akakaa benchi la kwanza.

Sikuelewa. Osmund alifurahi mpaka akaangusha chaki. Alasiri baada ya alasiri nilisikia sauti ya dada ikipanda na kushuka na za wenzake, na haikupita muda ikawa nzuri kuliko zao. Nyumbani akaanza na yeye kusifu: koti la mumewe, mwandiko wa mumewe, hata namna anavyokohoa. Osmund akanenepa uso.

"Dada, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kusifu. Kwani wewe husikii huko nyuma ya minyaa?"

Nikaanza kumshuku na yeye. Labda ameahidiwa nyumba ya bati jipya. Labda maneno yamemlevya. Mtu aliyekaa umri mzima bila kusifiwa anaweza kuuza hata kaburi la baba yake kwa neno moja tamu. Nilipokutana na Mwanne sokoni akanisalimu, akaniambia, "Dada yako ana akili, mashallah," nikamtazama mikono yake, nikaona imeshika korosho tu. Hata hivyo sikumwamini. Wakati ule sikuwa na wa kumwamini pale Mshangano, na nilikuwa nimeanza kuchoka.

Baada ya majuma machache Osmund alileta neno lenyewe. Tulikuwa barazani kwao watatu, tunapukuchua mahindi. Alikohoa, akasema Bwana Pankrasi ana wazo. Anataka kujenga nyumba ya kulala wageni, na chumba cha mbele kiwe darasa lenye madirisha ya vioo, na nje pawe na bango la rangi lenye jina la mwalimu. Kinachotakiwa ni ule upande wa barabarani wa shamba, na kidogo cha chini.

"Kidogo mpaka wapi?" nikauliza.

"Mpaka kijitoni," alisema bila kunitazama.

Yaani lote. Nilimgeukia dada. Alikuwa na gunzi mkononi. Akaliweka chini taratibu, akamtazama mumewe, akapandisha sauti na kuishusha kama alivyofundishwa:

"What a wonderful idea!"

Wazo zuri lililoje. Osmund aliruka kutoka kwenye kigoda. Alitoka bila kofia kwenda kwa Pankrasi, na mimi niliondoka bila kuaga, maana ningebaki ningemtukana dada yangu wa tumbo moja.

Asubuhi iliyofuata tulikutana shambani. Walikuwapo Osmund, Pankrasi, dada na mimi, na Mzee Mathias, balozi wetu, ambaye asiposikia kwa masikio yake hakuna ardhi inayouzwa upande ule. Mwalimu alikuwa amewaalika na wanafunzi waje kuona mahali pa darasa lao jipya, kwa hiyo mpishi alikuwapo, na Mwanne, na wengine wa mabenchi ya nyuma. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Tulimwamkia balozi, shikamoo, marahaba, akasimama akiegemea fimbo yake.

"Lidwina, mwanangu," alianza. "Mumeo kaniambia umeridhia kumwachia Bwana Pankrasi shamba hili. Ni kweli?"

"Si kweli, baba," dada akasema.

Pankrasi alicheka kidogo akidhani ni utani. Osmund akasogea.

"Mama Careen, si ulisema jana? Suzana alikuwapo."

"Nilisema kwa Kiingereza."

"Ndiyo! Ulisema ni wazo zuri."

"Kusifu nilisifu. Mwalimu wetu anatuambia unasifu kwanza, kupenda ni jambo la ndani. Balozi sasa ananiuliza la ndani." Aliwageukia wanafunzi. "Au sivyo alivyotufundisha?"

Mpishi aliinamisha kichwa. Mwanne akasema, "Ndivyo kabisa," na hakuna aliyembishia. Mzee Mathias alimtazama Osmund kwa muda. Akasema yeye Kiingereza hakijui na hana mpango wa kukijua. Shamba lile lilitolewa kwa Kingoni mbele ya ukoo, naye alikuwapo, hivyo anayelitaka alete neno la Kingoni kutoka kinywani mwa mwenye shamba. Akasubiri. Dada hakutoa neno. Pankrasi alitazama saa, kisha akatazama viatu vyake, vilivyokuwa vimejaa matope, akaenda zake. Tulisikia pikapu ikiwaka barabarani.

Nilimgeukia shemeji yangu nikiwa tayari kumcheka mbele ya watu wote, na maneno nilikuwa nayo mengi, ya kumtosha mwaka. Lakini alikuwa amesimama palepale penye kigingi cha kona, mikono inaning'inia, anatazama juu kidogo, mahali ambapo bango lingekaa. Nikaona kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kuliona darasa lake, na vioo vyake, na watu wakimwita mwalimu. Sikumcheka. Wanafunzi waliondoka mmoja mmoja wakipita kando ya mahindi, na balozi akawafuata.

Tulipobaki watatu, dada alimsogelea mumewe. Hakupandisha sauti.

"Baba Careen, hili lote nisingekupa. Lakini hapa juu, pa kujenga darasa lako mwenyewe, bila Pankrasi, ningekupa. Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekubali. Nilikuwa nakusikiliza dirishani unavyofundisha, nikawa najivunia. Nilikuwa najiambia, huyo ni mume wangu." Aligusa kigingi kwa mguu. "Sasa kila ukiniambia neno zuri, nitakutazama mikono. Hata likiwa la kweli, Osmund, mimi nitalijuaje?"

Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake. Osmund alifungua mdomo, na nikaona akitafuta neno, akalipata, akaogopa kulisema. Aliinama akaanza kung'oa kigingi. Dada naye akainama kwenye kigingi cha pili, na wakaenda hivyo kando ya barabara, kila mmoja na upande wake.

Mimi nilibaki nimesimama kwenye mahindi. Nilikuwa nimeshinda, shamba lilikuwa letu, na bado nilitamani kulia. Kuishi huku unatazama watu mikono ni kazi ninayoifahamu. Nimeifanya miaka mingi na hainipi tabu tena. Dada yangu ndiye ambaye sikuwahi kumtakia aianze.